Bodi, Lehemu na Kisima cha Mtoni

Wanangu, mkitaka kujua kama lehemu imeyeyuka, msiiguse, itazameni. Lehemu, kwa asiyejua, ni ile risasi inayoshikiza vitu vidogo vidogo kwenye bodi ya redio au kompyuta. Ikiwa bado ngumu huwa na rangi ya jivu lililolowa. Ikiyeyuka hung'aa ghafla, kama jicho la samaki aliyetoka sasa hivi majini. Hapo ndipo chipu inapoiachia bodi. Ukiivuta kabla ya hapo utaivunja miguu, na chipu iliyovunjika miguu ni kama kuku aliyekufa njiani kwenda sokoni: uzito anao, mnunuzi hana.

Nimeifanya kazi hii mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Sasa nimekaa barazani kwangu, hapa Mpendae, Unguja, na nyinyi mnaofanya kazi hiyo hiyo kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yangu mnakuja na simu zenu kunirekodi. Haya, rekodini. Lakini mimi sina mpango wa kusema. Nitasema linalokuja, na nyinyi mtapanga.

Mwanzo nilikuwa mshona kofia. Kule mtaa wa Ng'ambo nilikokulia, mwanamke akikaa barazani mikono haikai bure, na mimi nilishona kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Siku moja nilipeleka redio ya mama yangu kwa fundi mmoja mjini, kichochoro cha nyuma ya Darajani. Nilipokuwa nangoja nikatoa kofia yangu nikaendelea kushona. Fundi akaacha redio akawa ananitazama vidole.

"Kofia hiyo utaimaliza lini?" akaniuliza.

"Mwezi ujao, inshallah, nikijaaliwa."

"Na hukasiriki?"

"Nimkasirikie nani, Bwana? Uzi?"

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Basi njoo unifanyie kazi. Mie macho yangu yanakwisha, na kazi niliyonayo inataka mtu asiyekasirika."

Huyo ndiye Bwana Nassor. Alikuwa Mwarabu wa hapa hapa, mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu ya kizamani. Wazee wake walikuwa na mashamba. Yeye alirithi nyumba ya ghorofa yenye dari inayovuja na duka chini yake. Hakulisikitikia jambo hilo. Alikuwa akisema, "Babu yangu alikuwa na mikarafuu. Mimi nna redio za watu waliokufa." Kweli, rafu zake zilijaa redio ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa wasirudi tena kuzichukua.

Mama yangu nilipomwambia nimepata kazi ya kutoa chipu, alinitazama akauliza, "Chipsi? Na mafuta wanatoa wao?" Mpaka leo kuna watu Ng'ambo wanaamini kwamba miaka yote ile nilikuwa nakaanga mbatata mjini. Nimechoka kuwasahihisha. Mmoja alinisifu kwa mkono mzuri wa ukwaju.

Kwa nini fundi wa redio akaingia kwenye chakavu? Kwa sababu watu waliacha kutengeneza vitu. Televisheni nyembamba zilipokuja, zile nene zenye mgongo zikatupwa mitaroni. Ofisi zikabadilisha kompyuta, mahoteli yakabadilisha kila kitu. Bwana Nassor akaona kwamba kitu kizima hakina tena mtu, lakini viungo vyake vina watu. Chipu nyingine zilikwenda kwa mafundi wa simu na wa televisheni waliohitaji kipuri. Zilizokufa zilikwenda kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, ambaye alizipeleka mbele zaidi, huko wanakotoa dhahabu na madini mengine. Sisi kazi yetu ilikuwa kung'oa, kuchambua na kuweka kila aina kwenye kopo lake.

Sasa sikilizeni la kwanza kabisa, kabla hamjashika moto. Televisheni ya zamani huweka umeme ndani yake hata ikiwa imechomolewa siku nyingi. Hali kadhalika zile kapasita kubwa, vile vikopo vinavyosimama kwenye bodi. Lazima umeme uutoe kwanza, kwa bisibisi yenye mpini mzuri na waya uliofungwa kwenye chuma. Bwana Nassor ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha vizuri kuliko alivyokusudia. Alikuwa ameinama nyuma ya televisheni ananieleza, mtu akapita mlangoni akatoa salamu. Bwana Nassor, kwa adabu yake, akageuza uso kuitikia. "Waalaikumu..." akasema, na salamu haikwisha. Nilimuona amekaa kitako sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, kofia yake imekwenda kutua juu ya rafu ya redio. Akapapasa kichwa kuitafuta kofia. Kisha akasema, "Somo limekwisha, Bi Riziki."

Tangu hapo mlango tulikuwa tunaufunga tukifungua televisheni.

Moto wetu wa mwanzo ulikuwa seredani ya makaa. Bodi unailaza juu ya waya, upande wa lehemu chini, unangoja ile rangi ya jicho la samaki, kisha unaishika kwa koleo na kuigonga ubavu kwenye gogo. Chipu zinamwagika kama mbaazi. Kazi ilikuwa ya haraka lakini chafu, maana makaa hayana adabu. Upande mmoja yanaunguza, upande mwingine bado baridi. Bodi ikiungua hutoa moshi mweusi wa kuwasha macho, na chipu ikiungua haifai hata kwa mnunuzi wa Dar. Siku moja nikamkumbuka muuza njugu wa mtaani kwetu, anavyokaanga njugu zake katika mchanga ili zisiungue. Nikaweka mchanga mkavu kwenye kikaango, bodi juu ya mchanga, moto mdogo chini. Joto likaenea sawasawa. Bwana Nassor alikitazama kile kikaango, akatazama ukutani, akasema, "Miaka yote hii nnakula njugu bila ya kujifunza kitu."

Baadaye ikaja blowa, ile mashine ya kupuliza upepo wa moto mnayoitumia nyinyi. Blowa ni nzuri kwa chipu moja moja yenye thamani. Lakini nakuoneni mnavyoishika. Mnaisogeza karibu mno kwa pupa. Izungusheni, kama mtu anayepoza uji. Na kibano kiwe mkono wa pili, kimeishika chipu bila ya kuivuta.

Na moshi. Hili nasema na nitalirudia mpaka mnichoke. Uani kwa Bwana Nassor, kaskazi ikivuma tulikaa upande huu, kusi ikiingia tulihamia upande ule, ili upepo utoke mgongoni mwetu uende na moshi. Chakula hakikuliwa uani. Mikono ilioshwa kwa sabuni kabla ya kushika hata tende. Nguo zangu za kazi zilikuwa na kamba yake na ndoo yake, hazikuchanganyika na nguo za watoto. Watu walituambia tunywe maziwa, ati maziwa yanasafisha kifua. Bwana Nassor alikuwa na jibu moja: "Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi haujapita huko."

Sasa nifike kwa Haji.

Haji alikuwa Mtumbatu, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kumwita aliye ng'ambo ya bahari hata kama umekaa naye mkeka mmoja. Mke na watoto wake walikuwa kisiwani Tumbatu. Yeye alipanga chumba Mtoni, kwenye nyumba ya mjane mmoja aitwaye Bi Kombo. Alikuwa na gari lake la mkono, akizunguka mji mzima kukusanya vyuma na mashine mbovu. Sisi alituletea bodi. Akaanza kwa kuleta na kuondoka, mwisho akawa anakaa, anafungua vitu pamoja na sisi. Mikono yake ilikuwa mizito kwa chipu, lakini hakuna mtu aliyejua kama yeye kufungua kitu kizima: akilitazama tu sanduku anajua skrubu iliyojificha iko wapi.

Nyumba yake Tumbatu ilikuwa imesimama kuta bila ya paa. Alikuwa akiizungumza kama mtu anavyozungumza mgonjwa wake. Nadhani ile nyumba ndiyo iliyomsukuma.

"Ami," alimwambia Bwana Nassor asubuhi moja, "sisi tunauza ng'ombe mzima kwa bei ya kwato. Dhahabu imo humu humu, tunampa mtu wa Dar akaitoe. Kwa nini tusiitoe wenyewe?"

"Kwa sababu dhahabu hiyo haitoki kwa moto. Inatoka kwa tindikali. Na wanaoifanya kazi hiyo wana bomba la kuvuta moshi. Mimi nna dirisha."

"Nimeona watu wanafanya kwenye ndoo."

"Umewaona wapi?"

"Kwenye simu."

"Na kwenye simu ulionyeshwa wanavyokohoa kesho yake?"

Haji akacheka. Hawakugombana. Bwana Nassor hakuwa mtu wa kugombana, na Haji hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Lakini tangu siku ile chipu nzuri zikawa hazifiki dukani. Haji alikuja kutuamkia, akanywa kahawa, akaondoka na gari lake.

Kisha siku moja akaja akakaa, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na Bwana Nassor akamshika kifundo cha mkono. Ncha za vidole vya Haji zilikuwa za manjano, manjano yaliyoingia ndani ya ngozi.

"Umekula biriani asubuhi hii?" akamuuliza.

"Haya? Haya hayatoki kwa sabuni, Ami. Yatatoka yenyewe ngozi ikibanduka." Akaurudisha mkono wake mfukoni. "Nnakwenda vizuri. Nshapata punje moja, ndogo, lakini inang'aa."

Alipoondoka Bwana Nassor hakufanya kazi tena siku hiyo. Alikaa akiisugua miwani yake. Kesho yake asubuhi akaniambia, "Bi Riziki, vaa buibui lako. Tunakwenda Mtoni."

Nyumba ya Bi Kombo ilikuwa ndani kidogo, mbali na barabara ya Bububu: vyumba vya mbele, ua, kisima katikati ya ua, na stoo ndogo nyuma. Bi Kombo mwenyewe alitupokea, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya upole. Tukamuuliza Haji yuko wapi. Akatuonyesha stoo kwa kidevu. "Yumo kazini kwake. Mlango anaufunga, anasema harufu itanikera."

Kidirisha cha stoo kilikuwa kimezibwa kwa gunia. Chini ya mlango moshi ulikuwa ukitambaa, wala si mweusi. Ulikuwa wa rangi ya kutu. Bwana Nassor alipouona akaniambia nirudi nyuma. Akachovya kilemba chake kwenye ndoo, akajifunika pua, akaupiga mlango teke, yeye mtu ambaye sikuwahi kumuona akiharakisha hata kuvuka njia. Mlango ulipofunguka akajitenga ubavuni.

"Haji! Toka! Toka sasa hivi, usichukue kitu!"

Haji akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa anakohoa na anacheka kwa pamoja, macho mekundu, tambara limefungwa mdomoni. "Nshazoea, Ami. Mbona umenitia aibu mbele ya watu?"

Bi Kombo alikuwa amekwisha kuleta maziwa. Haji akayanywa yote, akafuta mdomo, akasema, "Mnaona? Nipo salama." Na kwa kweli alikuwa anaonekana salama. Tulimsihi aende hospitali, akakataa. Tukakaa naye mpaka baada ya adhuhuri. Alikula, akafanya mzaha, kikohozi kikapungua. Tukaondoka.

Wanangu, moshi ule si kama moshi mwingine. Tuliambiwa baadaye na daktari, mwanamke mpole aliyetuelezea taratibu: unaingia kifuani ukakaa kimya. Mtu anajiona amepona. Kisha, baada ya saa kadhaa, kifua kinaanza kujaa maji. Adhana ya magharibi ilikuwa ikitolewa Bi Kombo alipotupigia simu. Haji hawezi kulala chini, hawezi kusema, midomo imegeuka rangi. Jirani mwenye gari alimuwahisha hospitali. Tulipofika walikuwa wamemvika kifaa cha hewa usoni, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu kama mvukuto. Ile sauti yake yote ilikuwa imekwenda. Alimshika Bwana Nassor mkono, hakuuachia.

Mimi kesho yake nilirudi Mtoni kumchukulia nguo. Nyuma ya stoo, katika kuzitafuta kandambili zake, nikaliona shimo. Haji alikuwa akimwaga humo tindikali iliyokwisha kazi. Mawe ya kingo yalikuwa yamelika, yamekuwa na matundu kama jino bovu, na maji yaliyotuama chini yalikuwa ya kijani, kile kijani kinachoota kwenye sinia ya shaba isiyosuguliwa. Nikainua kichwa kutazama. Kisima kilikuwa karibu, hata mtoto angerusha jiwe likafika. Na nyinyi mnaijua ardhi ya Unguja. Pahali pengi ni mawe yenye vitobo, unachokimwaga juu hakikai juu.

Nikamfuata Bi Kombo jikoni. "Bi Kombo, maji ya kisima siku hizi yana ladha gani?"

Akafikiri. "Kama nimeweka senti mdomoni. Nilidhani ni meno yangu."

"Na nani mwengine anachota hapa?"

"Mtaa mzima. Mfereji wa bomba ukikauka wote wanakuja kwangu. Kwa nini?"

 Nilimwambia tu asinywe na asipikie mpaka nirudi, nikaenda hospitali. Bwana Nassor alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nikamwambia nilichokiona.

Aliivua miwani. "Wakijua," akasema, "watamtupia vitu vyake njiani. Tumwache apone kwanza. Asije akatoka humu akakuta hana pa kwenda."

"Na wanaokunywa leo, Bwana Nassor?"

"Siku chache tu, Bi Riziki."

"Watoto wachanga wanatiwa maji yale kwenye uji. Yeye yuko hapa, ana daktari. Wao hawajui hata kwamba wanahitaji daktari."

 Aliinamisha kichwa. Kisha akasimama akasema, "Basi mimi ntakwenda kwa sheha wa mtaa. Wewe nenda kwa wanawake."

Nikarudi. Nilianza kwa Bi Kombo kwa sababu kisima ni chake. Nilimwambia yote waziwazi, nikampeleka nyuma ya stoo akaona shimo kwa macho yake. Hakupiga kelele. Alirudi uani, akaifungua ndoo kwenye kamba yake, akaifunika juu ya ukingo wa kisima, mdomo chini.

"Mimi nilimpa maziwa," alisema. "Na yeye alinipa haya."

Kisha akajifunga kanga yake vizuri akafuatana nami. Tuliingia nyumba moja baada ya nyingine. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, na kisha habari ile. Wengine walilia, wengine walitukana. Mama mmoja alimchukua mtoto wake mgongoni akatoka mbio kwenda hospitali hata viatu hakuvaa. Alhamdulillahi, watoto walipimwa na hakuna aliyepotea, ila wengine tumbo liliwasumbua kwa muda. Sheha alileta watu wakachukua maji, wakasema kisima kisitumike. Kikafunikwa zege. Kisima kile alikichimba marehemu mume wa Bi Kombo kwa mikono yake. Hilo nililijua baadaye, si kwake.

Vijana wa mtaa walitaka kuvichoma vitu vya Haji. Bi Kombo akawakatalia. "Vitu havikufanya kosa," alisema. Akavitia kwenye gunia, akaliweka nje ya lango, karibu na gari lake la mkono.

Haji alipotoka hospitali alikuwa nusu ya Haji. Akizungumza ilimbidi apumzike katikati ya sentensi. Ghorofani kwa Bwana Nassor hakuweza kupanda, kwa hiyo Bwana Nassor akamtandikia dukani, baina ya redio. Mkewe alikuja kutoka Tumbatu akamtazama, akasema wazi kwamba yuko tayari kumpeleka nyumbani, paa au si paa.

Siku ile Haji alinieleza kwamba atakwenda. Nilikuwa nachambua chipu, sikuacha kazi. "Nenda," nikamwambia. "Ni kwenu. Lakini watu wa kule Mtoni sasa wanachota maji wapi?"

 Mkewe ndiye aliyejibu: "Kila mtu anajua wanachota msikitini, barabarani. Nimewaona wanawake na ndoo kichwani." Akamtazama mumewe. Ilikuwa imetosha.

Mke alirudi Tumbatu peke yake. Asubuhi iliyofuata Haji alilichukua gari lake, akapakia madumu, akaenda kuyajaza kwenye mfereji wa msikiti, akaanza kuyasukuma kuingia mtaani. Anasukuma hatua chache, anasimama, anashika magoti, anavuta hewa, anasukuma tena. Siku za mwanzo watoto walimfuata wakimwiga anavyohema. Bwana Nassor akapata habari, na asubuhi moja duka lilikuwa limefungwa. Nikamkuta Mtoni, kanzu ameikunja kiunoni, anasukuma gari la maji. Watu wazima waliojua ukoo wake walisimama kutazama. Nilimuuliza kama mgongo wake unaweza.

"Gari lina magurudumu," akasema. "Mimi nalishikilia tu nisianguke."

Majirani wengine waliyapokea maji bila ya neno. Wengine walinuna lakini waliyapokea, maana kinyongo hakipikii wali. Bi Kombo alikuwa tofauti. Haji alifika langoni kwake kila asubuhi, akashusha dumu, akasema, "Shikamoo, Bi Kombo." Naye akaitika, "Marahaba," kwa sababu salamu haikataliwi. Kisha alilichukua dumu, akalifungua, akayamwaga maji yote mtaroni, mbele ya macho yake, akamrudishia dumu tupu.  Haji akalipokea. Akaondoka, na kesho yake akarudi.

Sisi dukani tulibadilisha mambo mengine baada ya hapo. Bwana Nassor aliandika kwa mkono wake mlangoni kwamba hapa hapaingii tindikali, na aliyekuja na wazo hilo alimkaribisha kahawa na kumwonyesha Haji akipumua. Hakuna aliyerudia kuuliza. Bwana Nassor mwenyewe alifariki akiwa mzee, kitandani, Mungu amrehemu. Duka sasa linauza vinyago kwa wageni. Haji yupo Tumbatu. Nyumba ina paa, alilipata polepole kwa kazi ya kufungua mashine tu, isiyohitaji kifua. Baridi ikiingia analala amekaa. Nasikia watoto wake wamechukua sauti yake ya zamani.

Lakini mlichoniuliza ni kama Bi Kombo alimsamehe. Mimi sijui. Neno hilo sikulisikia likitoka kinywani mwake. Nitakwambieni nilichokiona, kwa sababu siku hiyo nilikuwepo, nilikwenda kumjulia hali.

Haji alifika kama kawaida, jasho linamtiririka, akashusha dumu, akasema shikamoo yake. Bi Kombo akaitika. Akalichukua dumu, akaligeuza kuelekea mtaroni, kisha akasita. Sijui kwa nini siku ile. Labda alikuwa amechoka tu. Akalibeba dumu mpaka jikoni, tukasikia maji yanamiminwa birikani. Haji alibaki amesimama langoni, hajui aende au akae. Mimi nilimvutia kibao, akakaa.

Bi Kombo akatoka na birika na vikombe. Akamimina kimoja, chai ya rangi, akamnyooshea Haji.

"Kunywa wewe mwanzo," alisema.

Haji alikitazama kile kikombe. Akanywa, moto moto vile vile, mpaka chini. Bi Kombo alimtazama muda wote. Kisha akajimiminia chake, akaketi upande wa pili wa ua, akakinywa taratibu, akasema tangawizi imekuwa kidogo.